Mwalimu Aliyetupeleka Mnarani

Kwa miaka minne ya sekondari aliniita Kuresoi, na nilipokutana naye tena nikiwa mama wa watoto wawili bado aliniita Kuresoi. Jina langu halisi sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyotuita sote. Shule yetu ilikuwa ya bweni, juu kidogo ya Bahati, na wasichana walitoka kila pembe ya bonde. Mmoja alikuwa Molo, mwingine Njoro, mwingine Kamere, kule kando ya Ziwa Naivasha. Wawili wakitoka mahali pamoja, wa pili aliongezewa kitu: Molo Mrefu, Molo wa Dirishani. Alisema jina mtu hupewa bila kuulizwa, lakini mahali alipotoka amepapanda na kupashuka kwa miguu yake mwenyewe.

Alifundisha jiografia. Shule ilikuwa na walimu zaidi ya kumi, lakini ukisema "Mwalimu anakuja" kila mtu alijua ni yupi, na waliokaa juu ya madawati walishuka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa sweta moja ya kahawia iliyoshonwa viraka vya ngozi viwikoni. Msimu wa mvua alivaa gambuti hadi darasani. Mfuko wake wa shati ulikuwa na vumbi la chaki daima, na akikohoa vumbi lilitoka kama moshi. Hakubeba fimbo. Hakuhitaji. Ukikosea, alikutazama kwa muda mrefu kwa huruma kidogo, kama mtu anayetazama gari lililokwama kwenye tope, halafu akasema, "Sasa rudia, lakini safari hii utumie macho."

Macho ndiyo yaliyokuwa dini yake. "Usiniambie unadhani, niambie umeona," alisema. Ukiandika kwamba mawingu ya mvua hutoka upande fulani, aliuliza ni lini ulisimama nje ukayaona. Mara moja Kamere aliandika kwenye mtihani kwamba Ziwa Nakuru lina flamingo milioni moja. Mwalimu alimpa sufuri, na Jumamosi iliyofuata akatupakia darasa zima kwenye lori la shule hadi ziwani tukahesabu wenyewe.

"Na si flamingo," alituambia tukiwa tumejipanga ufukweni, upepo wa magadi ukituchoma pua. "Ni heroe. Lugha yenu ina jina, mnakwenda kuazima la nini?"

Alitufundisha namna ya kuhesabu kundi lisilohesabika. Unahesabu ndege kumi, mmoja mmoja. Unaangalia hao kumi wamechukua nafasi gani. Halafu unaibeba nafasi hiyo kwa jicho lako na kuiweka juu ya kundi lote, tena na tena, bila haraka. Anayeharakisha hujaza ziwa kwa ndege wasiokuwepo, alisema. Tulirudi na majibu kumi na manane tofauti. Hakukasirika. Aliyaandika yote kwenye daftari lake, na mbele ya kila jibu akaandika aliyelitoa: Molo, Njoro, Kuresoi. Madaftari yake yote ninayo mimi sasa. Yapo thelathini na moja. Ndani yake hamna hata neno moja kuhusu yeye mwenyewe.

Hilo ndilo lililotusumbua sisi wasichana, ambao tulijua habari za kila mtu. Tulijua mwalimu wa hesabu anamchumbia nani, na mpishi ana ugomvi gani na shemeji yake. Kuhusu Mwalimu hatukujua kitu. Aliishi nyumba ya mwisho katika nyumba za walimu, karibu na ua wa michongoma. Ukitumwa kumpelekea madaftari ya kusahihisha uliona sebule yenye viti vinne, na vitatu vilikuwa vimejaa vitabu na mawe. Kiti cha nne kilielekea dirishani. Ijumaa jioni walimu wengine walipokwenda makwao yeye alibaki. Krismasi alibaki. Mlinzi wa lango alituambia kwamba wakati wa likizo, shule ikiwa tupu, Mwalimu hupiga kengele ya chakula cha mchana mwenyewe, kisha huenda nyumbani kwake kula. Tulicheka sana. Leo nikiikumbuka habari hiyo sicheki.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alisisitiza kwamba kila mtu aandike barua kwa mkono, lakini karani wa shule alisema hajawahi kumwona akitia barua posta. Alichukia umbea, lakini gazeti kuukuu lililofungiwa nyama alilikunjua na kulisoma lote, hata matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Alitufundisha bahari kwa muhula mzima, mikondo yake, kina chake, samaki wake, lakini kila alipofika pwani hakuvua viatu. Wanafunzi waliotutangulia waliapa kwamba hakuna aliyemwona akigusa maji ya chumvi hata kwa kidole.

Alikuwa pia mkali kwa namna iliyowaumiza watu. Aliwahi kumwambia mzazi mmoja, mbele yetu, kwamba binti yake si mzito wa kuelewa, ila nyumbani kwao hakuna anayemsikiliza. Mzazi yule aliondoka akilia. Siku hiyo Mwalimu hakufundisha tena.

Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa asubuhi moja ya kidato cha pili. Niliitwa ofisini nikaambiwa baba yangu ni mgonjwa sana, niende nyumbani. Nilijua maana yake. Shule haimwiti mtoto kwa ugonjwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Nitampeleka," alisema, na hakuna aliyemwuliza. Tulishuka hadi mjini Nakuru, akanitafutia kiti cha mbele kwenye gari la Molo, kisha akasimama dirishani pangu kusubiri lijae. Hakuniambia pole. Hakuniambia Mungu anajua. Alianza kunitajia njia.

"Utapita Njoro. Mashamba ya ngano yatakuwa mkono wako wa kulia. Halafu utaanza kupanda, utasikia masikio yanaziba, usiogope, ni mwinuko. Utafika Elburgon, kutakuwa na harufu ya mbao mbichi. Molo utabadilisha gari. Kutoka hapo ni nyumbani, unapajua kuliko mimi."

Gari lilipoondoka alitembea kando yake hatua chache, mkono juu ya mlango. Njia nzima nilifanya alivyosema, nikatazama ngano, nikasubiri masikio yazibe. Nilifika bila kulia. Baba alikuwa ameshafariki tangu jana yake.

Safari ya mnarani ilikuwa ya kidato cha tatu peke yake, kila Agosti, na Mwalimu ndiye aliyeianzisha. Hakuna shule nyingine upande wetu iliyokuwa na safari kama hiyo. Wengine walipelekwa bungeni au kwenye kiwanda cha mikate. Sisi tulivuka nchi nzima kwenda kuona mnara wa taa, ule wa zamani uliojengwa juu ya mwamba ili meli zisigonge matumbawe, na kutazama ndege wa baharini, na kama tuna bahati, nyangumi. Tulisafiri siku nzima, tukalala kwenye mabweni ya shule moja ya huko, na asubuhi tukaenda.

Nilikuwa sijawahi kuona bahari. Mtu wa Kuresoi anajua ukungu na viazi. Nilipoteremka kwenye basi nikaona ile samawati haina ng'ambo, nilishika mkono wa Molo Mrefu.

"Manze," alisema, "hii maji inaishia wapi?"

"Inaishia kwenye mtihani," Kamere akajibu, na sote tukacheka kupita kiasi kwa sababu ya woga.

Mnara ulikuwa mweupe, rangi imebambuka upande wa upepo. Mlinzi wake alikuwa mzee mfupi wa pwani mwenye sauti laini. Alitukaribisha, "Karibuni wanangu, hamjambo? Mmeamkaje?" na sisi tukajibu kwa pamoja, "Poa sana, mzee," naye akacheka hadi akashika ukuta. Alitupandisha ngazi za mzunguko, sitini na kitu, akatuonyesha kioo kikubwa cha taa kilichokatwa kama nanasi. Alisema zamani taa ilikuwa ya mafuta na mtu alilazimika kukesha nayo, siku hizi jua linaijaza lenyewe. Kisha tukatoka kwenye roshani ya chuma, na upepo ukatupiga.

Mwalimu alisimama nasi hapo juu akafundisha somo lake, sweta ikipepea. Alisema nyangumi hao hutoka kwenye bahari ya baridi kusini kabisa mwa dunia, wanakuja kuzaa kwenye maji yetu ya vuguvugu. Mama hali kitu kwa miezi. Anamnyonyesha mtoto kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe hadi awe na nguvu za kurudi naye.

"Na baba yake je, Mwalimu?" mtu akauliza.

"Dume halei," alisema. "Huimba huko kwenye kina, na haji karibu." Kisha akatazama saa yake, akatugawia darubini mbili za shule, akatuambia tuhesabu membe, wale ndege weupe wa baharini, waliotua kwenye mwamba. Akashuka.

Tulijua anakwenda wapi, au tulidhani tunajua. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wametusimulia. Kila mwaka, walisema, Mwalimu huketi kwenye ukuta mfupi wa mawe nyuma ya mnara na msichana mwenye sare ya shule ya huko. Wanakula mayai ya kuchemsha. Hawaongei. Baada ya nusu saa msichana anaondoka. Mabwenini hadithi hiyo ilikuwa imeota mbawa na kucha. Wengine walisema ni mchumba, wengine wakasema mambo yasiyosemeka.

Basi tulipanga zamu. Watatu wakahesabu membe, watatu wakachungulia nyuma ya mnara. Mwalimu alikuwa ameketi ukutani. Kando yake kulikuwa na mfuko wa karatasi. Alikuwa ameipa bahari mgongo, anatazama njia inayoingia kati ya mivinje, ile miti mirefu ya pwani yenye majani kama nywele. Hakuna aliyekuja.

Tulimaliza kuhesabu. Molo Mrefu akashuka na jibu. Akarudi amekunja uso. "Amesema tuhesabu tena."

Tukahesabu tena. Membe walikuwa wameruka na kutua, kwa hiyo jibu lilikuwa jipya. Nalo likakataliwa.

"Hesabuni tena," Mwalimu alipaza sauti kutoka chini, bila kugeuka.

"Hizi ndege zenyewe zimechoka," alinong'ona Kamere.

Tukiwa kwenye hesabu ya tatu ndipo mmoja wetu alipiga yowe. Kule mbali maji yalikuwa yamerusha moshi mweupe, kisha mgongo mweusi ukapanda polepole, ukapanda zaidi ya tulivyofikiri kitu kinaweza kupanda, ukalala, ukapotea. Sote tulipiga kelele. Wengine walilia. Nikakimbilia upande wa pili wa roshani na kupaza sauti, "Mwalimu! Nyangumi! Mwalimu!"

Aligeuza kichwa, lakini si kwa haraka. Kutoka pale alipokaa jengo la mnara lilimziba. Aliangalia ukuta mweupe mbele yake kwa muda, kisha akageuka tena kutazama njia.

Nilitumwa mimi kushusha hesabu ya tatu. Nilipofika mlangoni nilisimama, kwa sababu mlinzi alikuwa ameinama kando yake akizungumza kwa sauti ya chini. Lakini upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu.

"Mwalimu, jua linakwenda. Watoto wa watu wana njaa. Mwanao leo haji."

"Ngoja kidogo," alisema Mwalimu.

"Nimengoja nawe tangu asubuhi, ndugu yangu. Haji."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Hadithi ya mchumba iliendelea mabwenini mwaka wote, nami ningeweza kuizima kwa neno moja. Nadhani nilikuwa nimepata kitu cha Mwalimu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na sikutaka kukigawa. Tena kulikuwa na jambo lingine, nalo si zuri. Nilimwonea wivu msichana yule ambaye sikumjua. Baba yake alikuwa amemngoja asubuhi nzima, naye hakuja.

Kwenye basi Mwalimu aliketi mbele kama kawaida. Tulipokuwa tumeiacha bahari nyuma, aligeuka akatazama viti hadi akaniona.

"Kuresoi. Unakula mayai?"

Nikaenda. Akanipa yote mawili. Nilimenya moja mbele yake, nikalila hadi mwisho.

Aliendelea kuwapeleka wanafunzi mnarani miaka mingine mitatu. Kisha mkuu mpya wa shule alisema ni mbali mno, na safari ikafutwa. Mwalimu hakubishana. Watu waliokuwepo waliniambia alisimama, akasema, "Sawa," akarudi darasani. Alistaafu muda si mrefu baadaye. Wenzake walimfanyia karamu akaondoka kabla ya keki kukatwa. Alipanga nyumba ya mawe pale Bahati, nyuma ya kituo cha kukusanya maziwa, na majirani wakamzoea kama mzee anayetembea peke yake asubuhi akiwa na daftari.

Mimi nikasomea uganga wa macho. Sikuwaza wakati huo kwamba ni yeye aliyenitia huko. Niliona hivyo baadaye. Nilipata kazi kwenye kliniki moja mjini Nakuru, nikaolewa, nikazaa, nikaachana na mume wangu bila kelele nyingi. Siku moja mwezi wa Juni, nikiwa nimechoka na foleni, niliita mgonjwa anayefuata, akaingia mzee anayepapasa kiti.

"Kaa hapo, mzee, taratibu. Macho yamekusumbua kwa muda gani?"

Aliinamisha kichwa upande. "Kuresoi," alisema.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili meupe kama maziwa. Alikuwa haoni kitu zaidi ya mwanga kwa karibu mwaka mzima. Nilimwuliza kwa nini hakuja mapema. Akasema ndege bado anawahesabu, kwa kusikiliza sauti zao. Nilimwuliza anapika vipi. Akasema, "Kwa uangalifu." Nilikasirika naye kama ningekasirika na baba yangu, nikamwambia hivyo, akakubali kukemewa.

Alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza nilimfungua bendeji mimi mwenyewe. Alitazama dirishani. Akasema ziwa limepanda. Ni kweli lilikuwa limepanda, lilikuwa limemeza barabara na lango la zamani tangu alipoacha kuona, lakini kutoka pale kliniki unaona tu mstari wa kung'aa nyuma ya mabati. Aliuona mstari huo akajua.

Kisha akatoa simu yake ndogo ya vitufe kutoka mfuko wa sweta. "Nisomee hii. Imekaa humu tangu mwezi wa pili. Mtoto wa jirani alisema ni ujumbe, lakini sikutaka anisomee yeye."

Nilisoma kwa sauti. "Baba, ni mimi. Namba nimeipata shuleni kwako. Mama alifariki mwaka jana. Niko palepale. Ukiweza, njoo."

Alinyoosha mkono akaichukua simu. Aliifuta skrini kwa kidole gumba, ingawa haikuwa na kitu.

"Ni wapi, Mwalimu?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Mnarani," alisema. "Utanisindikiza?"

Tulikwenda Agosti, jicho la pili likiwa limepona. Kutoka Nairobi tulipanda treni ya asubuhi. Njiani alinieleza habari yote kwa maneno machache, akiangalia nje, kana kwamba anaisoma kwenye nyasi. Alifundisha pwani akiwa kijana, akaoa huko. Wakazaa mtoto mmoja wa kike. Alipohamishiwa Nakuru mkewe alikataa baridi, akakataa umbali. Waligombana. Yeye akasema, "Ukibaki, umebaki." Alidhani ni maneno tu. Mkewe akabaki. Baada ya miaka walikubaliana, kwa kupitia mlinzi wa mnara, kwamba mtoto atakutana na baba yake mara moja kwa mwaka, mahali pa wazi, mchana.

"Na wewe ukatafuta njia ya kuja kila mwaka," nikasema.

"Nilikuwa nawafundisha," akajibu kwa ukali. Baadaye kidogo akasema, "Ndiyo."

Mlinzi wa zamani alikuwa amekufa. Mwanamke aliyefungua mlango wa mnara alituambia nyangumi wameonekana tangu Jumapili, mama na mtoto, karibu na mwamba. Mwalimu alishukuru, lakini hakupanda. Aliketi kwenye ukuta mfupi, na mimi nikaketi karibu naye. Hakuleta chochote cha kula.

Alikuja kupitia mivinje akitembea haraka, mwanamke wa rika langu, mnene kiasi, kanga mabegani. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake. Alikuwa ametoka cherehani. Alisimama hatua tatu mbele yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Mwalimu akanielekezea mkono. "Huyu ni Kuresoi. Nilimfundisha. Ndiye aliyenitengeneza macho."

"Asante, dada," alisema, na alimaanisha.

Ndipo Mwalimu akaanza kufundisha. Sijui niseme vipi. Alimweleza binti yake kuhusu bahari ya kusini, baridi, safari ya nyangumi, mama asiyekula. Maneno yaleyale, mpangilio uleule, sauti ya darasani. Binti alisikiliza bila kumkatiza, akauvua utepe shingoni na kuuzungusha kwenye vidole. Mwalimu alipomaliza, binti alisema kwa upole:

"Baba, nyangumi nawaona kila mwaka. Dirisha la jikoni kwangu linatazama huku."

"Dirisha gani?"

Alinyoosha kidole. Juu ya mivinje kulionekana ncha ya paa la makuti. "Pale. Ni nyumba ileile tuliyohamia ulipoondoka. Dakika kumi kwa miguu."

Mwalimu alilitazama paa lile. Alikuwa na macho mapya na alilitazama vizuri.

"Dakika kumi," alisema.

"Mama alikuwa akipika kila Agosti. Samaki, wali, kila kitu. Chakula cha watu watatu. Hakuniambia nikuite. Alisema, akitaka kuja atakuja, njia anaiona."

"Sikuitwa," alisema Mwalimu.

"Nani akuite? Mimi nilikuwa mtoto. Mtoto hamwaliki baba yake." Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Nilikuwa narudi peke yangu. Yeye anatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu, halafu anafunika chakula. Hasemi kitu. Anafunika tu. Mwaka ule nilipofika kidato cha tatu nikasema siwezi tena kuona akifunika kile chakula. Nikakaa nyumbani. Nilidhani nisipokuja, utakuja kuniuliza."

Hapo nilisimama nikaenda pembeni, kwa sababu haikuwa yangu. Nikiwa nimewapa mgongo nilisikia upepo tu, na membe. Nilipogeuka Mwalimu alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Njia ni hii ya mivinje?" aliuliza.

"Ndiyo, baba. Kuna mizizi, angalia."

"Twende, Kuresoi."

Nikakataa. Nikasema nitawangoja mnarani. Walikwenda, binti akitangulia nusu hatua na kupunguza mwendo kila mara ili mzee amfikie. Hawakushikana mikono. Walipofika kwenye miti nilimwona Mwalimu akisimama, akatazama kulia na kushoto, kisha wakaingia.

Nikapanda ngazi peke yangu. Roshani ilikuwa imepigwa rangi mpya, kutu imeshaanza kuipenya. Sikukaa sana kabla ya kuwaona: mgongo mkubwa, na kando yake mdogo, unapanda na kushuka bila mpangilio kama mtoto anayejifunza kutembea. Walipita karibu hata nikasikia pumzi yao. Niligeuka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu. Nilitoa simu nikaanza kutafuta jina la kupiga, nikateremka orodha hadi mwisho, nikairudisha mfukoni. Nilibaki pale hadi walipopotea, na baada ya hapo nikaendelea kutazama maji.

Mwalimu alirudi alasiri, binti akimsindikiza hadi ukutani. Waliagana kwa mkono. Tulilala kwenye nyumba ya wageni na kesho yake tukapanda treni. Alikaa dirishani, mgongo wima, na nchi kavu ya Voi ikapita, na mbuyu mmoja mmoja, na tembo wekundu kwa vumbi ambao abiria wengine walisimama kuwapiga picha. Yeye hakuwahesabu.

"Anakula pilipili," alisema ghafla.

"Nani, Mwalimu?"

"Yule mtoto. Anaiuma mbichi, pamoja na wali. Alikula tatu." Aligeuza kofia yake magotini. "Mama yake hakuwa akiigusa kabisa. Na mimi siwezi, inanichoma tumbo. Sasa yeye ameitoa wapi?"

Nilidhani anatania. Nilimtazama nikaona anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.